Madamu Malizia Anaondoka Kabla ya Muswada Wake

Baada ya miaka kumi na tisa ya ualimu, kumi ya udiwani na kumi ya kuketi katika bunge letu la jimbo, Madamu Malizia anastaafu rasmi utumishi wa umma ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu. Jumla ni miaka thelathini na tisa, na kama angekuwepo hapa angetaka muijumlishe wenyewe, tena kwa sauti. Jarida hili la wafanyakazi kwa kawaida haliandiki wasifu wa wanasiasa. Wanasiasa huja na kuondoka, sisi ndio tunaobaki na viti. Lakini safari hii wahudumu wa chai, walinzi wa getini, madereva na sisi wa chumba cha kumbukumbu tulikwenda kwa mhariri kwa pamoja, naye akaona hana pa kutokea.

Kazi nimepewa mimi kwa sababu nimemsikiliza kuliko mtu yeyote humu. Sisi wa chumba cha kumbukumbu ndio tunaoandika kila neno linalosemwa ukumbini. Tunakaa nyuma ya kioo kizito, hedifoni masikioni, vidole kwenye mashine. Kwa miaka kumi sauti ya Madamu imekaa masikioni mwangu kuliko sauti ya mke wangu, na mke wangu ameshalisema hilo zaidi ya mara moja. Niseme mapema pia kwamba naandika nikiwa na uchungu. Anayetaka wasifu wa kucheka mwanzo hadi mwisho amngojee mpishi mkuu, naye hayuko mbali na kustaafu.

Jina la Malizia alipewa na wanafunzi. Kila aliyepita shule anaujua mtindo ule: mwalimu anachora umbo ubaoni, anasema "hii ni pembetaaa," kisha anakaa kimya mpaka darasa zima lijibu "tu!" Walimu wote hufanya hivyo. Madamu yeye hakuacha hata alipotoka darasani. Nyumbani alimwambia mumewe apitishe chumvi kwa nusu ya neno. Benki alimwachia karani amalizie jina lake. Mumewe, fundi cherehani mpole asiye na makuu, alikwisha kuzoea kuishi kama mwanafunzi wa mbele.

Shule yake ya kwanza haikuwa na nyumba ya mwalimu. Alipofika na sanduku lake, mwalimu mkuu alimwonyesha stoo. Alilala humo na mabunda ya chaki, majembe na mipira isiyo na upepo, na mvua ikinyesha alihamisha godoro kufuata pale pasipovuja. Mwaka uliofuata alipata mwenzake, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga. Wakabanana humo watatu. Wakawa mtu na dada yake. Mmoja akifundisha, mwingine anabeba mtoto. Msimu wa mvua ulipokuja mtoto akaanza kukohoa, kifua kikambana, na hospitali ilikuwa mbali. Mtoto alipona. Lakini mama yake alifunga mizigo, akamwambia Madamu, "Dada, nakipenda kibarua hiki, lakini siwezi kukizikia mtoto." Akaondoka. Darasa la kwanza likakaa bila mwalimu mwaka mzima, na Madamu akawa anafundisha madarasa mawili kwa kusimama kwenye mlango wa katikati, kichwa huku, miguu kule.

Hapo ndipo siasa yake ilipoanzia. Wengine huingia siasa kwa sababu wanapenda kusikilizwa. Madamu alikuwa anasikilizwa tangu zamani. Yeye alitaka kitu kimoja: mwalimu anayepelekwa mbali na mji apewe nyumba, iwe na paa, mlango na kufuli. Alikuwa anakirudia kila mahali mpaka watu wakamchoka, na akiwaona wamechoka anaanza upya, kama vile wamefeli.

Udiwani aliupata kwa urahisi kwa kuwa nusu ya wapiga kura wa kata walikuwa wamepita mikononi mwake, na nusu nyingine walikuwa wazazi wao. Wazee wa halmashauri wanasimulia bado vikao vyake. Alipokuwa mwenyekiti wa kamati, hakuna aliyenong'ona. Diwani mmoja, mchinjaji mwenye kifua kama kabati, alinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Hakuna aliyecheka, maana wengine nao walikuwa wamebanwa. Katika miaka hiyo kumi kata yake ilipata mtaro unaopitisha maji, zahanati yenye muuguzi wa kweli na nyumba tatu za walimu zilizojengwa kwa kuchangishana. Tatu tu. Akatambua kwamba kwa kuchangishana atajenga mpaka azeeke, na kwamba kinachotakiwa ni sheria. Ndipo akaja kwetu.

Siku yake ya kwanza ukumbini ilitutoa jasho. Alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, shule isiyo na mwalimu ni sawa na nyumba isiyo na maaa," akanyamaza. Upande wa serikali wakajibu "dirisha!" Upinzani wakajibu "ji!" wakimaanisha maji. Spika mwenyewe, mtu mzima, mwanasheria, alisikika akisema "ma nini?" Madamu akawaangalia wote kwa huruma, akasema, "Kaeni chini, hamjasoma." Jibu lenyewe hajalitoa mpaka leo. Sisi nyuma ya kioo tulibaki tukitazamana. Neno limesemwa nusu na mtu mmoja na nusu na watu arobaini. Utaliandika kwa jina la nani? Tuliandika "WABUNGE KWA PAMOJA," na tangu siku hiyo maneno hayo yameonekana kwenye kumbukumbu zetu kila wiki.

Kipindi cha kwanza alikimaliza akiwatafuta wa kumuunga mkono. Alikuwa anawafuata wabunge hata kwenye foleni ya chai. Kipindi cha pili muswada wa nyumba za walimu ukaingia, ukasomwa mara ya kwanza, ukasomwa mara ya pili, ukapita kamati ukiwa mzima, jambo ambalo ni nadra kama mbunge kurudisha kalamu. Ulibakiza kusomwa mara ya tatu tu. Kisha bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, na kwa kanuni zetu bunge likivunjwa, kila muswada usiopita unakufa nalo. Madamu hakutishika. Alituambia sisi wa chumba cha kumbukumbu, akiwa amesimama mlangoni petu na kikombe chake, "Nikirudi tunaanzia tulipoishia. Msinifutie kitu." Alikuwa na uhakika wa kurudi. Sisi pia. Hata mpinzani wake, nadhani, alikuwa na uhakika huo.

Mpinzani wake alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wote humjua kwa jina la Bwana Mabati. Mtu mkarimu, hajui kukataa mchango, na ana sauti nzuri akiwa dukani. Ila alikuwa mwanafunzi wa Madamu, na tangu darasa la tatu alikuwa na ugonjwa mmoja: akisimamishwa mbele za watu anaganda. Jibu analo, ameliandika kwenye daftari bila kosa, lakini midomo haifunguki. Walimu wengine walimwacha asimame mpaka alie. Madamu aligundua dawa. Akimwanzishia neno, mtoto analimalizia, na akishalimalizia anatiririka mwenyewe. Basi akawa anamwanzishia, kila siku, kila somo, mwaka hadi mwaka. Mtoto akafaulu, akaenda mbele, akarudi na biashara. Madamu alikuwa akimtaja kwa fahari kama mama anavyomtaja kifungua mimba.

Mdahalo wa wagombea ulifanyika katika ukumbi wa jumuiya, viti vya plastiki vimejaa mpaka kwenye ngazi, redio ya hapa ikirusha moja kwa moja. Nilikuwepo, kwa hiari yangu, na sikuwa na mashine. Madamu alizungumza kwanza, akashangiliwa. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa meneja wa kampeni, alikuwa amekaa mbele yangu akipangusa jasho la furaha. Kisha mtangazaji akamgeukia Bwana Mabati na kumuuliza atazifanyia nini shule. Bwana Mabati akasimama. Akashika kipaza sauti. Akaganda.

Ukumbi ulinyamaza, halafu ukaanza kunong'ona, halafu mtu wa nyuma akapiga mluzi. Meneja wetu akamnong'oneza jirani yake, "Kwisha habari yake." Na kweli, kama Madamu angekaa tu pale alipokaa na kutazama kucha zake, uchaguzi ungekuwa umekwisha jioni ile. Lakini niliuona uso wake. Haukuwa uso wa mgombea. Alikuwa anamwona mtoto wa darasa la tatu amesimama na kaptura iliyompwaya. Aliinama kuelekea kwake, akasema taratibu, lakini kipaza sauti cha mezani kikaichukua sauti yake na redio ikaipeleka jimbo zima: "Kwanza nitahaki..."

"Nitahakikisha!" akasema Bwana Mabati. Na akafunguka. Aliongea kama bomba lililozibuliwa. Aliahidi vyoo, madawati, uji wa saa nne, mpaka kengele mpya. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi, kisha wakasimama. Alipofika mwisho akamgeukia Madamu na kusema, kwa heshima zote, "Huyu ndiye aliyenifundisha kila kitu. Mama yetu ametutumikia vya kutosha. Tumpumzisheni." Meneja aliinamisha kichwa mpaka kikagusa kiti cha mbele. Yeye ndiye aliyeelewa kabla ya wote kwamba dada yake amejishinda mwenyewe.

Wapo wanaosema asante ya punda ni mateke. Sidhani kama Bwana Mabati alikusudia teke. Nadhani aliona kweli kwamba anatoa shukrani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu wa kumkasirikia simpati. Kipande kile kilizunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Walioona walimpenda Madamu kwa moyo wake na wakampigia kura Bwana Mabati. Madamu alishindwa kwa kura chache sana, chache kuliko watu waliokuwa kwenye ngazi za ukumbi ule. Maji yakimwagika hayazoleki. Mdogo wake hakumsemesha kwa muda mrefu, na alipomsemesha alikuwa na swali moja tu: "Dada, ulikuwa unafikiria nini?" Madamu alimjibu kwamba hakuwa anafikiria, alikuwa anafundisha. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na sijapata kuona mazoea yaliyomgharimu mtu zaidi ya hayo.

Baada ya matokeo alikwenda dukani kwa Bwana Mabati kumpongeza. Mbunge mteule aliacha wateja kaunta, akatoka nje na funguo zake zikining'inia kiunoni, akainama. "Shikamoo, Madamu." Akaitikiwa. Madamu hakumlaumu kwa lolote. Alimwomba kitu kimoja: auchukue muswada wa nyumba za walimu na kuurudisha bungeni kwa jina lake yeye. Alikuwa radhi jina lake mwenyewe lisionekane popote. Bwana Mabati aliapa atauleta. Nasisitiza kwamba alikuwa mkweli. Alikuja mara mbili chumbani kwetu kuomba nakala za mijadala ya zamani, akazisoma zote, na siku moja tulimkuta kwenye maegesho akifanya mazoezi mbele ya kioo cha gari lake.

Kanuni zetu zinamtaka mbunge anayeleta muswada binafsi atoe taarifa kwa mdomo, akiwa amesimama, kabla kikao cha kwanza hakijafungwa. Asipotoa, muswada unangoja mwaka mwingine na bajeti nyingine. Bwana Mabati alipangiwa siku ya mwisho. Siku hiyohiyo Madamu alikuwa amekuja kurudisha kitambulisho na ufunguo wa kabati lake. Alimaliza shughuli zake, akapanda kukaa kwenye roshani ya wageni, mkoba magotini. Huko mgeni haruhusiwi kusema hata neno moja. Akisema anatolewa nje.

Spika alimwita Bwana Mabati. Akasimama, karatasi mkononi. "Mheshimiwa Spika," alisema, na hapo akaganda. Karatasi ilikuwa palepale, lakini mtu akishaganda karatasi haimsaidii, haoni hata maandishi. Mimi nyuma ya kioo nilijikuta nasema "naomba ku, naomba ku" mpaka mwenzangu akanipiga kiwiko. Kioo chetu hakipitishi sauti. Nikainua macho roshani. Madamu alikuwa ameinama mbele kama siku ile ya mdahalo, midomo imeshafunguka. Nilingoja. Nilikuwa tayari walinzi wamtoe, nilikuwa tayari hata niandike jina lake tena kwenye kumbukumbu, mradi aseme. Aliiweka palepale midomo yake, wazi, kwa muda. Kisha akaifunga, akaweka kiganja juu yake na kukikandamiza kwa mkono wa pili.

Spika akasema, "Endelea, mheshimiwa." Akangoja. Akarudia. Kisha akasema, "Mheshimiwa akae. Anayefuata." Anayefuata aliomba maegesho ya wabunge yawekewe kivuli, akaungwa mkono na wengi, na fungu la ujenzi la mwaka huu likaelekezwa huko. Kikao kikafungwa. Katika kumbukumbu rasmi mtasoma tu kwamba Bwana Mabati alisema "Mheshimiwa Spika." Ukimya hauandikwi.

Nilitoka mbio kwenda koridoni. Nakiri nilikuwa na hasira, na nilitaka kumuuliza Madamu mimi mwenyewe. Nilichelewa. Bwana Mabati alikuwa ameshamfikia, pale penye mtungi wa maji, tai imepinda, macho mekundu. Mtu mzima, mwenye watoto, mheshimiwa. Akasema kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, "Madamu, mbona leo hukunianzishia?"

Madamu hakupandisha sauti. "Nimekuanzishia tangu una miaka tisa, mwanangu. Ndiyo maana leo umesimama pale huna mwanzo wako mwenyewe. Nilikuwa naogopa ulie. Ningekuacha ulie, ukanyamaza, ukasema. Hilo kosa ni langu, wala usilibebe." Akafungua mkoba, akampa leso. "Nyumba ningezipenda, Mungu anajua. Lakini ningekuanzishia leo, ungekaa miaka mitano unanitafuta juu pale kwa macho, na mimi sipo." Kisha akasema, "Haya. Sema sasa. Sina haraka."

Wakasimama. Mhudumu wa chai alikuja na kigari chake, akaona, akakisimamisha. Niliona mkono wa Madamu ukikaza kwenye kamba ya mkoba, kwa jinsi alivyokuwa akijizuia. Bwana Mabati alifungua mdomo, akaufunga, akatazama sakafu, akatazama dari. Ilichukua muda mrefu mno, na hakuna aliyemsaidia. Halafu, bila kuazimwa hata silabi, akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa taarifa kwamba nitaleta mbele ya bunge lako muswada wa sheria ya kuwapatia nyumba walimu wa shule za pembezoni, kwa sababu mwalimu asiye na pa kulala hawezi kukaa." Yote, mpaka nukta. Madamu akasema, "Vizuri." Akageuka upande, akalia. Ndani ya ukumbi fundi alikuwa ameshaanza kuzima vipaza sauti.

Madamu, mimi bado ni mbishi. Naamini ungesema roshani, wangekutoa, na leo mafundi wangekuwa wanachimba misingi. Wewe uliamua vingine, na wewe ndiye mwalimu. Kwa niaba ya wote tuliokutumikia kwa chai, kwa gari, kwa ulinzi na kwa kuandika, tunasema asante kwa kutuamkia kwa majina yetu kila asubuhi, na asante kwa kuwafanya waheshimiwa wajue kukaa kimya. Nenda ukapumzike kwa mumeo na wajukuu, mle mshibe, mlale na kuamka mnapotaka, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeandika maneno mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mengi yakiwa hayana faida kwa mtu. Sentensi ile moja ya koridoni niliisikia nzima kwa masikio yangu, na hakuna mahali ninaporuhusiwa kuiandika isipokuwa hapa.